Konokono wa Milimita Sita na Mwanamke Aliyemsubiri

Tarehe 14 Machi 1987 marehemu aliokota ganda tupu la konokono, lenye kimo cha milimita sita, chini ya jani lililooza kwenye bonde la msitu lililo mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kazini kwake. Ganda hilo lipo. Limehifadhiwa ndani ya kichupa cha kioo, droo ya nne, kabati la pili ukiingia chumba cha chini cha makumbusho, na kibandiko chake kina tarehe hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja, nalo ni kumwona mwenye ganda lile akiwa hai na kujua kwa hakika ni nani.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi mwashi na fundi cherehani. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na tangi la maji la saruji, ambalo baba yake alilijenga mwenyewe na ambalo halikuacha kuvuja mpaka lilipobomolewa. Fundi huyo aliyejengea watu nyumba imara mji mzima hakupenda kuulizwa habari za tangi hilo. Ardhi ya pale ilikuwa na unyevu mwaka mzima, na konokono hawakukosekana. Akiwa na miaka saba, marehemu aliwapaka magandani rangi ya kucha ya mama yake, ili ajue kama wanaotoka kila jioni ni walewale. Mama yake aligundua siku ambayo alikuwa anajiandaa kwenda harusini.

"Rangi yangu iko wapi?"

"Wanayo konokono."

"Kwani konokono nao wamealikwa?"

Dada yao mkubwa anasimulia kwamba marehemu alichapwa makofi mawili ya mgongoni, kisha mama akatoka nje akiwa na gauni lake la harusi, akainama nyuma ya tangi. Akauliza, "Wangapi wamerudi?" Marehemu akajibu, huku kamasi zikimtoka, kwamba wamerudi watatu. Mama akasema, "Basi hao si wapita njia, wanakaa hapa hapa," akaenda harusini na kucha tupu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza 1971, akasoma sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1972 hadi 1977, na akaingia chuo kikuu mwaka 1978 kusomea sayansi ya wanyama. Alimaliza mwaka 1981. Hakuwa wa kwanza darasani na hakuwahi kudai hivyo. Katika usaili wa shahada ya pili, mmoja wa maprofesa alimuuliza kwa nini ang'ang'anie konokono wakati wenzake wote wanaomba kufanya utafiti wa wanyama wakubwa. Alijibu, "Tembo tayari wana watu wao." Alipewa nafasi hiyo na akahitimu mwaka 1985, akiwa tayari ameajiriwa.

Ajira yake ilianza tarehe 1 Julai 1983 katika sehemu ya makumbusho ya wanyama wasio na uti wa mgongo, kwenye chumba cha chini chenye dirisha moja lililo juu karibu na dari, ambalo kwalo huonekana miguu ya wapita njia na si kitu kingine. Chumba kilinuka spiriti. Alikuta masanduku ya konokono wa nchi kavu, mengi yameandikwa maneno mawili tu: "konokono, msituni." Msitu upi, mwaka upi, nani aliwaokota, hapakuwa na wa kuuliza. Alitumia miaka minne ya kwanza kuwapanga upya, ganda moja moja, kwa kibano na brashi yenye maji. Lenzi yake ya mkononi aliining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na kwa ajili hiyo wanafunzi walimwita Bi Lenzi, kwanza kisirisiri, baadaye hata kwenye mikutano.

Kila mwanafunzi aliyepita kwake alianza na somo moja. Shika ganda, ncha yake iangalie juu na mdomo wake ukuelekee wewe. Angalia mdomo umekaa upande gani. Hesabu mizunguko. Pima. Angalia kingo za mdomo, kama zimekunjwa nje na kunenepa, au bado ni nyembamba kama karatasi. Aliyekurupuka kutaja spishi kabla ya kumaliza alirudishwa mwanzo. "Jina ni kitu cha mwisho," alikuwa akisema. "Wewe umeanza na sherehe kabla ya posa."

Posa yake mwenyewe ilianzia kwenye safari ile ya Machi 1987. Dereva wa gari la makumbusho alikuwa mgeni kazini, na hakuwa ameelezwa wanachofuata. Alikaa garini kutwa nzima akisikiliza redio. Jioni marehemu akatoka msituni na matope hadi magotini, ameshika kichupa kimoja.

"Ndiyo hii tu?" dereva akauliza.

"Ndiyo hii."

"Dada, hata ingekuwa dhahabu, hiyo ni kidogo."

Safari iliyofuata dereva alikuja na chekecheke lake mwenyewe, alilotengenezewa na fundi bati, akaomba aonyeshwe namna ya kuchekecha majani. Matundu yake yalikuwa makubwa mno na konokono wote walipita. Marehemu alilikataa chekecheke, lakini mwaka uliofuata alimkubali mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988. Kwa miaka zaidi ya thelathini na mitano yeye alimwita mumewe Dereva, naye mumewe akamwita Bosi, na wageni wengi waliofika nyumbani kwao walidhani ni utani wa siku ile. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990 na mwana aliyezaliwa 1993.

Mwaka 1990 marehemu alichapisha maelezo ya konokono wake wa milimita sita kwa kutumia maganda tupu kumi na moja, akimtambulisha kama spishi mpya na kumpa jina la bonde alilotoka. Mwaka 1994 mtaalamu mwenzake wa nje alijibu kwa makala ya kurasa tatu. Alisema maganda yale yana mdomo mwembamba usiokunjwa, na mdomo mwembamba ni dalili ya utoto. Kwa hiyo hao si spishi mpya bali ni vifaranga vya konokono wa kawaida wa msitu ule, ambaye akikua hufikia ukubwa wa kidole gumba. Marehemu aliamini kwamba konokono wake ni mtu mzima wa aina isiyokunja mdomo kabisa. Lakini ganda tupu haliwezi kumaliza ubishi huo. Anayeumaliza ni mnyama mwenyewe: akipasuliwa, viungo vyake vya uzazi vitaonyesha kama amekomaa au bado. Jina alilompa konokono liliondolewa kwenye orodha ya spishi. Wenzake walipomtaka akasirike, alisema, "Ana haki. Kwa alichokiona, hata mimi ningeandika hivyo hivyo."

Tarehe 12 Novemba 1996 alimpata mmoja akiwa hai. Alirudi naye chumba cha chini na kuanza kumwandaa. Konokono wa kupasuliwa huzamishwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, ndani ya kichupa kilichojaa pomoni bila kiputo cha hewa, ili afe akiwa amejinyoosha. Hewa ikibaki, hujivuta ndani ya ganda na kufia humo amejikunja. Marehemu alikuwa anafunga kifuniko simu ya ofisini ilipolia. Binti yake, mwenye miaka sita, alikuwa ameanguka shuleni na kuvunjika mkono. Alikaza kifuniko akaondoka mbio. Asubuhi ya pili yake alikuta kiputo cha ukubwa wa punje ya dengu juu ya maji, na konokono amejivuta mpaka ndani kabisa. Alipolivunja ganda, hakuna kilichosomeka. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka uliofuata aliandika kwamba kielelezo kiliharibika kwa uzembe wa mwandishi, na hakutaja simu wala mtoto.

Binti aliisikia habari hiyo ukubwani, kwa mtu mwingine, akaja kumuuliza.

"Mama, kumbe ni kwa sababu yangu?"

"Ni kwa sababu ya kifuniko," marehemu akamjibu. "Mkono wako ulipona vizuri? Basi."

Tangu mwaka ule wa 1996 marehemu alimtafuta mwingine aliye hai kila msimu wa mvua. Alirudi na maganda tupu, mengine bado yanang'aa, ya wanyama waliokufa labda wiki moja kabla. Hayo ndiyo yaliyomuuma zaidi. Aliyaweka kiganjani akayatazama muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji. "Watoto wengine mvua ikinyesha mama zao wanawaita ndani," mwanawe wa kiume aliwahi kusema katika sherehe ya kumuaga mama yake kazini, mwaka 2018. "Sisi mvua ikinyesha, mama ndiyo anatoka." Watu walicheka, na marehemu akacheka nao. Kisha akamwomba mwanawe msamaha pale pale, mbele ya keki, bila kumung'unya maneno, na mwana akasema, "Aa, mama, nilikuwa natania." Hakuwa anatania sana. Watoto wake walijua sauti ya buti zake kwenye sakafu ya nje, na walijifunza kulala bila kuzisikia.

Mwaka 2009 barabara mpya ilipitishwa katikati ya bonde. Marehemu alihudhuria mikutano yote ya kupinga na akashindwa katika yote. Kilichobaki ni kipande cha msitu kisichozidi uwanja wa mpira, nyuma ya nyumba ya pampu ya maji. Kuanzia hapo swali lake liliongezeka uzito. Kama maganda yale ni ya vifaranga vya konokono wa kawaida, hakuna kilichopotea, maana konokono wa kawaida wamejaa kila mahali. Kama ni spishi yake, basi haina makao mengine duniani yanayojulikana.

Uchovu ulimwanza Februari 2022. Tarehe 6 Juni mwaka huohuo madaktari walithibitisha kuwa ana saratani ya ini. Alitibiwa kwa mwaka mzima, akapata nafuu mara mbili, na kufikia katikati ya 2023 hakuweza tena kupanda mteremko. Mumewe, aliyekuwa amestaafu na ambaye tangu ujana hakupenda kuinama, alianza kwenda bondeni peke yake. Aliingia msituni na gunia na simu.

"Bosi, nachukua majani ya upande gani?"

"Ya chini ya jiwe. Ya juu yote ni kelele tu."

"Jiwe lipi? Hapa yapo mawe kama mkutano."

"Lile ulilokaa ukala mkate wako ukaniacha nafanya kazi."

"Hilo nalijua."

Majani yalimwagwa kwenye trei nyeupe juu ya meza ya kulia chakula, na marehemu, amejifunga kanga mbili kwa baridi iliyokuwa mwilini mwake, aliyapekua kwa brashi. Familia ilikula sebuleni, sahani mapajani, kwa miezi minne. Wifi yake alipokuja kumwona alidhani ni dawa za miti shamba, akauliza zinachemshwa kwa muda gani.

Tarehe 21 Oktoba 2023, saa tano asubuhi, mumewe alikuwa jikoni.

"Dereva, zima redio."

"Kuna nini? Maumivu?"

"Zima kwanza."

Akazima, akaja. Marehemu alikuwa ameweka brashi chini.

"Anatembea," akasema.

Konokono alikuwa na milimita sita na nusu, rangi ya chai ya maziwa, mdomo mwembamba kama karatasi. Marehemu hakumgusa kwa karibu saa nzima. Mumewe anasema alikuwa amewahi kumwona akitazama hivyo mara mbili tu, watoto walipozaliwa.

Wiki iliyofuata alikuja mkuu wa sehemu ile ya makumbusho, ambaye alikuwa mwanafunzi wake. Alikuja na vifaa vyote mkobani. Alimweleza, kwa heshima na kwa haraka, kwamba konokono akipasuliwa leo, na vinasaba vyake vikapimwa, jibu litapatikana ndani ya wiki mbili.

"Mwalimu, umesubiri miaka thelathini na sita. Nataka ujue. Nataka ulisome jibu wewe mwenyewe."

"Nikimpasua nitajua mimi," marehemu akasema. "Akitaga, watakuwepo wengine."

"Na asipotaga?"

"Mtoto hatagi, mwanangu. Akitaga hata yai moja, ni mtu mzima, na ubishi umekwisha bila kisu. Asipotaga, atakufa siku moja kama sisi sote, ndipo umpasue. Mjaze maji pomoni tu."

Binti yake, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyekuwa akimchoma sindano za maumivu, alimfuata mkuu wa sehemu mpaka getini na kumwomba arudi siku nyingine, ajaribu tena. Alirudi mara mbili. Jibu lilikuwa lilelile. Wote waliokuwa katika nyumba ile walielewa alichokuwa anakichagua. Konokono mmoja ana sehemu za kiume na za kike, na akishakutana na mwenzake anaweza kutunza mbegu kwa miezi mingi kabla ya kutaga. Miezi mingi ndicho kitu ambacho marehemu hakuwa nacho.

Konokono aliwekwa kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano, juu ya udongo wa bondeni, na kipande cha chokaa pembeni kwa ajili ya ganda lake. Mumewe alifundishwa kunyunyizia majani maji kila jioni, yaliyochemshwa yakapoa, na kila asubuhi kuinua majani na kutafuta mayai, ambayo yangekuwa meupe na madogo kuliko kichwa cha pini. Kila asubuhi sauti ilitoka chumbani.

"Dereva, kuna kitu?"

"Bado, bosi."

Mwezi wa Aprili mwaka huu marehemu hakuweza tena kukaa. Siku za mwisho alizungumza kidogo, lakini swali la asubuhi halikukosa. Tarehe 9 Mei, alfajiri ilipokucha, binti alimvuta baba yake kando kwenye korido.

"Baba, leo mwambie ametaga. Kuna ubaya gani? Afurahi."

Baba yake akaenda, akainua majani, akayarudisha, akaingia chumbani.

"Dereva, kuna kitu?"

Akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni. "Bado, bosi."

Marehemu akafumba macho. "Vizuri," akasema. "Ungesema yapo, ningekuuliza mangapi."

Yalikuwa maneno yake marefu ya mwisho. Alifariki siku hiyo saa kumi alasiri, nyumbani kwake, mumewe akiwa ameshika mkono wake wa kulia na binti yake wa kushoto. Mwanawe, aliyekuwa njiani kutoka kazini, alifika nusu saa baadaye.

Katika vitabu vya wataalamu, spishi aliyoieleza mwaka 1990 bado haipo. Konokono yuko hai na mpaka leo asubuhi hakuwa ametaga. Makumbusho yamekubali wosia wake: hatachukuliwa wala kuguswa mpaka atage au afe mwenyewe. Lolote litakalopatikana litachapishwa, liwe linampa haki au linamnyima, na mkuu wa sehemu ameiahidi familia kwamba atalisoma kwa sauti kaburini kwa marehemu.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mkwe, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, mdogo wake wa kiume na mdogo wake wa kike, mawifi na shemeji, na wanafunzi waliotawanyika katika makumbusho na vyuo, ambao hadi leo hawataji jina kabla ya kupima. Kaka yake alimtangulia mwaka 2011.

Alipate sasa pumziko ambalo mvua hazikumruhusu kulipata.

Maziko ni saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili jioni mume wake atanyunyizia majani maji, na kesho asubuhi atayainua.